Mwenzako Alikuwa Wapi?

Mjukuu wangu Ombati,

Hapa Nyansiongo tuko wima, nyanya yako anakusalimu, ng'ombe mweusi amezaa. Lakini mimi nimekasirika.

Unaniandikia ukicheka kwamba huko Diani hewa ya mtungi ilikuishia chini ya bahari, ukapanda peke yako ukitoa pumzi pole pole, hata ukatupa vile vyuma vya kiunoni ndiyo uelee. Halafu unaniuliza, babu, wewe ungefanya nini? Ningepumua ya mwenzangu! Si umesema ndivyo mlifunzwa, kwanza mwenzako, hayo mengine ni ya mwisho kabisa? Alikuwa wapi? Ulimwacha ukafuata pweza!

Mimi nimechimba visima Borabu yote, na hakuna mtu alinishinda kwenda chini. Rafiki yangu Nyamweya alishika kamba huko juu. Mazungumzo yetu yalikuwa matusi. Yeye anaita, "Wewe fuko, umekufa?" Mimi najibu, "Nitakuzika wewe kwanza!" Siku moja hewa ya chini iliharibika, miguu ikalegea. Akaita, nikashindwa kumtukana. Hakuita tena. Alivuta. Nilipozinduka kwa nyasi alikuwa analia huku akinitukana.

Na nguvu zangu zote hizo, singeweza kujivuta.

Unasema Jumapili unashuka tena. Kabla ya hiyo siku piga simu unitajie jina la mwenzako, na yeye mwenyewe anisalimie. Ukinyamaza, napanda gari nakuja kukuvuta.

Babu yako,
Onchiri