Kiganja Ukutani, Ukucha Kwenye Tufe

Chumba cha Cherehani,
Nyumbani.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hali yako huko kwenye theluji? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tu wazima. Baba yuko mbioni na sare za wanafunzi, na goti la Bibi limetulia.

Najua umepiga simu mara nyingi na Bibi hakutaka kupokea. Nimeona haya kukueleza, lakini ni haki yako kujua. Ulipomwambia kwamba mnasafirisha wagonjwa kwa ndege kati ya vile viwanja viwili vya kaskazini kabisa, na kwamba mnafika kwa saa moja na nusu, alitulia. Kisha Baba akachukua futi yake ya kupimia nguo, akapima kwenye ramani ya ukutani. Kutoka uwanja hadi uwanja palikuwa na upana wa kiganja. Akapiga hesabu: saa sita juu ya barafu. Bibi akasema umemficha hatari ili asiogope, na hana la kuongea na mtu anayemdanganya.

Mimi sikuamini. Wewe ni muuguzi ambaye hukunidanganya hata kuhusu sindano.

Nilizungukazunguka mlangoni kwa mwalimu wa jiografia siku kadhaa kabla ya kupata ujasiri wa kuazima tufe la dunia. Nikalibeba kwenye mfuko wa viazi. Baba akaniuliza kama nimeleta dunia nzima au nyingine nimeiacha njiani.

Tukanyoosha uzi kati ya viwanja vyako. Shangazi, uzi huo ulikuwa sawa na ukucha wa kidole gumba changu. Mistari ya longitudo, ambayo kwenye ramani imesimama mbali mbali kama nguzo, kwenye tufe inasogeleana hadi inakutana juu kabisa. Ramani, ili ikae bapa ukutani, imeivuta kaskazini kama mpira. Hayo niliyasoma na kuyajibu vizuri kwenye mtihani, lakini sikuwa nimeyaona. Kumbe unafanya kazi pale dunia inapojikusanya, na mgonjwa wako anavuka mistari yote hiyo kwa usingizi mmoja.

Baba alikandamiza mezani kofia aliyokuwa akiishona. Ikagoma kulala. Akacheka peke yake, akamgeukia Bibi. "Mama, mimi ndiye niliyekosea. Nimepima kofia kama shuka."

Bibi alikishika kile kipande cha uzi kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo mwanangu alisema kweli," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Sasa nipimieni wa kutoka kwake hadi hapa."

Huo ulizidi shibiri. Ameukata mwenyewe, nao ndio huo ndani ya bahasha. Anasema ukija likizo uje nao. Simu sasa anatembea nayo mfukoni, na kila ikilia anatuzuia tusiiguse.

Baba, Mama na mdogo wangu wanakusalimu sana. Msalimie rubani wenu. Mungu akupandishe na kukushusha salama, kila safari.

Niliye mbali nawe shibiri moja na kidogo, nikupendaye daima,
mtoto wa kaka yako,
Maktaba