Mluzi wa Baba Koridoni

Nyumbani kwa Baba,
Nyuma ya karakana ya treni.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi za dada yako, ambaye vidole vyake vimezoea pasi kuliko kalamu, kwa hiyo uuvumilie mwandiko. U hali gani huko uliko? Kile kifua kilichokuwa kikikubana msimu wa baridi kimekuachia? Wifi anaendeleaje na miguu yake, na wanao hawajambo? Huku tunapumua. Mama ni mzima, anakula vizuri na anagombana na redio kama kawaida. Masikio tu ndiyo yamezidi kuziba. Ukitaka akusikie sharti ukae upande wake wa kulia na umtazame usoni. Mimi niko vilevile. Duka la kufulia linakwenda, mgongo unalalamika, nauambia usubiri zamu yake.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Ukifika mbele utaelewa kwa nini sikutaka kuyasema haya kwenye simu.

Ni habari ya Abiria. Tulipozungumza mara ya mwisho nilikuambia kwamba mbwa wa Baba ameanza kukojoa ndani, ukanijibu kwa mkato kuwa amezeeka, tumtoe. Baba mdogo naye alikuwa amekwisha kumtafutia pa kwenda, kwenye kiwanda cha mbao, akafungwe mnyororo alinde magogo. Nakuandikia ili usiseme neno hilo tena, hasa mbele ya Mama.

Wewe uliondoka Abiria akiwa mtoto, humjui alivyokuja kuwa. Baba alimkuta kwenye behewa lake la mwisho, amejikunyata chini ya benchi bila tiketi, ndiyo maana akampa jina hilo. Akamfundisha usafi kama alivyotufundisha sisi kula mezani. Unamjua Baba na ugadi wake wa treni, hakuna kinachoondoka bila mluzi. Kila asubuhi na kila alasiri alimtoa uani, akamsimamisha karibu na ukuta, akapiga mluzi ule wa midomo, mfupi, mrefu, halafu mfupi unaopanda juu kama mtu anayeuliza. Ni uleule aliokuwa akituitia chakula. Mbwa hakuinua mguu mpaka ausikie. Akimaliza, Baba alimwambia, "Tayari, twende," naye alirudi ndani kifua mbele kama aliyepandishwa cheo. Tulicheka sana, lakini nyumba hii haikupata kunuka hata siku moja.

Baba alipofariki, Abiria alitutia huruma. Alikuwa akisimama ukutani anajibana mpaka miguu inamtetemeka, anangoja mluzi ambao hauji. Mimi na Mama hatujui kupiga mluzi, tunatoa upepo tu. Mwishowe mwili ulimshinda, akazoea kujimalizia mwenyewe uani. Nikasema afadhali, na yeye amekubali.

Basi, juzijuzi narudi kutoka dukani nakuta korido imelowa. Ni mbele ya mlango wa chumba cha Mama, katikati kabisa. Nikapiga deki nikanyamaza. Kesho yake palepale. Nikamtoa asubuhi mara mbili badala ya moja, nikamwomba Mama amfungulie mchana, nikainua mkeka na kusugua saruji kwa siki, maana mimi naishi kwa kuondoa madoa ya watu na najua harufu ikibaki mnyama huirudia. Siku ya tatu palepale. Sikumpiga. Ningempigaje, na kila nikiingia ananitazama kama ndiye anayenidai maelezo?

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Akampima mkojo, akambonyeza tumbo, akamtazama meno. Akasema mkojo wa huyu ni safi kuliko wa kwake yeye daktari, kibofu ni kizima, na umri haujamfikisha huko. Akanishauri nichunguze ni saa ngapi anafanya na nani yupo. Nikamwambia yupo Mama peke yake, na Mama hasikii kitu. Akasema basi mbwa anasikia.

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani kama jiwe kiatuni. Baba mdogo alipoyapata ndipo akaota mapembe. Akaja, akasimama koridoni mikono nyuma, akasema nyumba hii ina mtu. Akasema mbwa anamwona marehemu, na mbwa anayemwona marehemu hakai na wajane. Nikamcheka mbele yake, ila sikukufichi, alipoondoka sikuipenda ile korido. Unaijua ilivyo ndefu, na taa ile ya kati tangu iungue sijabadilisha. Nikawa napita nimebana ukuta. Mara moja nilimkuta Abiria amekaa anautazama mlango wa Mama uliofungwa, mkia unapiga sakafu taratibu, masikio yamesimama, kama anavyofanya akikaribiwa na mtu anayemfahamu. Nilisalimu, mdogo wangu. Mimi na akili zangu timamu nilisema "shikamoo" kwenye korido tupu.

Sasa sikia nilivyojua. Jumanne umeme ulikatika mtaa mzima, pasi zikapoa, nikafunga duka mapema. Nikaingia kwa mlango wa jikoni, na Mama hakunisikia. Nikawa navua viatu nikasikia mluzi.

Mfupi, mrefu, mfupi unaopanda.

Nilishika sinki. Si mluzi wa mtu mwingine, hata ungenichanganyia milio ya magadi wa reli nzima ningeutoa huo. Ulitoka koridoni. Nikajikaza nikachungulia, nikamwona Abiria anainuka kwenye gunia lake, anatembea bila haraka mpaka mlangoni kwa Mama, anasimama sawasawa kama uani, anainua mguu. Alipomaliza aliugeukia mlango akangoja aambiwe tayari, twende. Aliendelea kungoja. Uso wake ule, natamani nisingeuona.

Nikamruka, nikasukuma mlango. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, upande wa Baba, simu yake ya zamani mapajani. Alipoinua macho hakushtuka. Aliniambia nifunge mlango, upepo unaingia.

Ulikuwa ujumbe wa sauti ambao Baba alimtumia kutoka wodini. Mimi sikuwa na habari nayo kabisa. Nilimwomba airudie nikasikiliza nimesimama. Anasema, "Mama watoto, mimi mzima. Chakula cha huku hakina chumvi. Mwambie Abiria nakuja." Kisha anakohoa, anapata pumzi, anapiga mluzi. Basi. Unajua kwamba hakuja.

Mama anasema ameisikiliza kila alasiri tangu tulipomzika, saa ileile Baba aliyokuwa akimtoa mbwa. Zamani alikuwa akiibana simu sikioni, kwa hiyo hakuna aliyejua. Masikio yalipozidi kuziba akaifungulia sauti yote, hapo ndipo Abiria naye aliposikia, akafanya alivyofundishwa, pale pale mluzi ulipotokea. Mbwa hakuwa na kosa wala ugonjwa. Alikuwa anatii.

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikakaa karibu naye, upande wa kulia, nikamweleza polepole kwamba mluzi ndio unaolowesha korido, kwa hiyo aiweke simu chini ya mto, au angoje mimi nirudi. Mama akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Najua, mwanangu. Tangu siku ya kwanza najua."

Nikamuuliza kwa nini basi alituacha tuhangaike mpaka kwa daktari. Alikuwa anaifuta simu kwa ncha ya kanga, anaifuta, anaifuta. Akasema siku hizi anasikia vitu vingi ambavyo havipo. Anasikia maji yanachuruzika bomba likiwa limefungwa. Anasikia wewe unaita ukiwa mtoto. Anasikia Baba anakohoa sebuleni. Kwa hiyo akiibonyeza simu, hajui tena kama sauti inatoka pale au inatoka kichwani mwake, na anaogopa kuwa huenda ilikwisha kufutika na yeye anajisikilizia mwenyewe. Akasema, "Nikifungua mlango nikakuta sakafu imelowa, najua na yeye kamsikia. Najua sijawa kichaa."

Nilikwenda kuchukua deki.

Umeona sasa kwa nini Abiria hawezi kwenda kulinda magogo. Nimemwambia Baba mdogo, naye kanuna, kasema tunafuga msiba. Labda ndivyo. Ila nimempiga marufuku kumgusa mnyama yule, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe aliniitikia bila kubisha.

Tumepanga hivi. Alasiri narudi kutoka dukani mara moja, namtoa Abiria mpaka ukutani pale pake. Mama anafungua dirisha linalotazama uani, anaiweka simu juu ya kizingiti, anabonyeza. Baba anasema yeye mzima, anakohoa, anapiga mluzi, na mbwa anainua mguu. Mama anaona kwa macho yake. Mimi nasema tayari, twende, tunaingia. Korido imekauka. Ukitupita nje ya geti utadhani ni nyumba ya watu wenye furaha.

Lakini jambo hili bado linanitisha, nisikudanganye. Nikiwa na kikapu cha nguo za watu mkononi, nikasikia baba yangu niliyemwosha kwa mikono yangu anasema anakuja, mgongo wote unakuwa baridi. Abiria akishamaliza hatazami dirisha. Anatazama geti.

Juzi simu ilizimika katikati. Baba alisema, "Mwambie Abiria nakuja," akakohoa, kimya. Mama akabonyeza na kubonyeza. Kioo kilikuwa cheusi. Abiria amesimama ukutani, mguu mmoja umekwisha kuondoka chini kidogo, anangoja. Mama dirishani anangoja. Nilikaza midomo nikajaribu, ukatoka upepo, nikajaribu tena ukatoka mate. Mama akanitazama kama ananionea huruma. Mvua ilianza, tukabaki vilevile, sisi watatu, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuingia ndani. Mwishowe nilimbeba mbwa. Alikuwa anatetemeka kama siku zile za mwanzo.

Chaji ya usiku kucha iliirudisha simu, lakini fundi alipoitazama alisema betri imevimba na ndani imeshika kutu. Alisema angeweza kuihamishia sauti kwenye simu yangu kwa muda mfupi tu. Mama alikataa kuiachia mkononi mwa mtu. Anasema ikiondoka itarudi na mtu mwingine ndani. Nimembembeleza mpaka nimechoka. Kwa hiyo itakufa tu, leo au mwezi ujao.

Kitindamimba, wewe ndiye uliyeuchukua ule mluzi. Unakumbuka ulivyokuwa ukitudanganya, unaupiga nyuma ya nyumba, tunakimbilia chakula ambacho hakijaiva, na Baba anatoka anakutafuta na huku anacheka? Ni wako kwelikweli, mpaka lile swali la mwisho. Usinirekodie. Nilimtajia Mama jambo hilo, akasema sauti zilizomo kwenye vyombo zimemtosha. Anataka kinywa chenye mtu. Najua kazi zimekubana na safari ni ndefu, na najua hujarudi tangu mazishi kwa sababu nyumba hii inakuuma. Inatuuma sote, sisi tumo ndani yake. Njoo, hata kwa siku chache. Umpigie mbwa mluzi mara moja ukiwa umesimama mbele yake, ajue mluzi una miguu na una mikono, halafu unifundishe na mimi, hata kama itabidi uninyooshe midomo kwa koleo.

Msalimie sana wifi, mwambie ile shuka aliyoniachia doa limetoka lote. Wasalimie wanao, yule mwenye maswali na yule mwenye majibu. Mama anakusalimu na anasema uvae soksi. Baba mdogo anakusalimu kwa kununa. Abiria yuko miguuni pangu ninapoandika, amekauka, harufu yake ni ya siki. Mungu akulinde njiani na kazini, akufikishe kwetu ukiwa na pumzi yako yote.

Jambo la mwisho, na hili ulishike. Ukifika getini usipige mluzi. Nakuomba, hata kama utatamani kututania kama zamani. Bisha hodi, ingia, mshike Mama mikono, akuone uso kwanza na sisi wengine tukuone. Ukiupiga ukiwa bado nje, hakuna hata mmoja wetu humu atakayedhani kuwa ni wewe.

Wako akupendaye na anayekungoja,

Dada yako, Dobi.