Betri Iliyokwenda Dunguni

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Kidonge cha kwanza leo, saa moja asubuhi, na chai. Daktari wa Malindi alisema ni cha kunifungua macho mchana, maana hata nikilala na mashine ya pumzi bado nasinzia. Sikumwamini. Saa nane mchana — bado niko macho! Sikumbuki lini niliiona saa nane. Kivuli cha paa kilifika jikoni, nikakitazama kikisogea. Nililia kidogo.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepeta mchele wote bila kuangukia ungo. Nimemwambia mume wangu Jotham nataka zamu yangu ya kuamia ndege, kuwafukuza mpungani, irudi. Hakutaka, na najua kwa nini. Msimu uliopita nililala juu ya dungu, lile jukwaa la mlinzi, kombeo mkononi, ndege kwelea wakaumaliza mpunga wa wifi yangu Maurine. Tangu hapo naitwa Mama Usingizi. Ugonjwa gani, walisema, uvivu tu.

Alhamisi, 7 Agosti
Maurine amenipa siku moja, ya kunijaribu. Nimekaa dunguni tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Mungu wangu, mchana ni mrefu! Saa sita mpunga unameremeta. Saa tisa upepo unaulaza wote upande mmoja — kumbe kila siku hufanya hivyo, na mimi nimelala. Kwelea walikuja mara nne. Hawakutua. Maurine alikuja kunichungulia mara tano, nikampungia mkono kila mara.

Jumamosi, 9 Agosti
Zamu tatu kwa wiki! Kikundi chetu cha wakulima kimepata spika ya kutisha ndege, ila huku kwetu hakuna umeme, shambani wala nyumbani. Nikatoa betri ya sola ya mashine yangu ya pumzi. Chukueni, nikasema, mimi nimepona. Maurine alinishika mkono mbele ya watu. Mashine nimeifunika kitambaa.

Jumanne, 12 Agosti
Kichwa kinaniuma kila nikiamka. Jotham amempigia daktari bila kuniambia. Kidonge hufungua macho, hakifungui koo, ndivyo alivyojibiwa. Mashine isiachwe hata siku moja. Nikasema daktari hawajui kwelea. Jotham akaniwekea simu sikioni. Alinirekodi nimelala. Mkoromo. Halafu kimya. Kimya kirefu, mpaka mimi niliye macho nikabana pumzi kukisubiri kiishe. Kumbe huwa nakwenda huko kila usiku!

Betri haiwezi kwenda shambani mchana na kurudi nyumbani usiku. Spika huimaliza chaji yote kabla ya jua kuzama.

Jumatano, 13 Agosti
Naandika dunguni, saa kumi. Mpunga umebakiza siku kumi kuvunwa. Kwelea wametoka upande wa mto, sijapata kuona wengi hivi — wanageuka wote kwa pamoja, wazuri hata naogopa. Spika inalia. Jotham anakuja juu ya tuta na toroli. Maurine amemwona, naye anakimbia kuja.

Wamefika chini. Jotham amesema polepole, "Mama Silas, nishushie betri. Mpunga tutapanda mwingine."

Maurine amesikia. Ananitazama tu.

Mkono wa kushoto umeshika waya wa betri, nikiuchomoa spika itazima; huu wa kulia unaandika. Ndege wamefika shamba la kwanza, la Maurine. Nimejikuta nimebana pumzi tena —