Mgombea Aliyejificha Nyuma ya Lori

Mjukuu wangu Akinyi,

Sisi hapa Rangwe hatujambo. Nyanya yako anakusalimu na anasema uache kukonda. Unaniuliza kama bosi wako mwenye mabasi atapata ubunge kwa mali yake. Mimi si mtabiri, lakini miaka ya sitini nilimpigia tajiri mmoja kampeni kwa kipaza sauti, kwa sababu kazi nyingine zote zilikuwa zimenishinda.

Tajiri huyo alikuwa na maduka kutoka Homa Bay hadi Migori, na kila soko alioa mke wa kusimamia duka. Biashara ilistawi kweli. Alipogombea udiwani, tukakuta kila soko limejaa mama wakwe zake! Na unajua sisi Wajaluo: mwanamume hampi mama mkwe mkono, wala hamkaribii. Mpinzani wake aliwasalimu watu wote. Wangu alijibanza nyuma ya lori letu la kampeni.

Tulipofika Asumbi, mama mkwe mmoja akaniita. "Wewe mpiga kelele, huyo aliyejificha anataka nini?"

"Anaomba kura, mama."

"Mwambie binti nilishampa. Kura nitampa aliyenisalimu."

Soko zima likacheka, na mimi nikacheka ndani ya kipaza sauti. Lakini nyuma ya lori nilimsikia tajiri akisema polepole, "Ni kweli."

Kiti alikikosa. Bosi wako simjui, Akinyi. Wewe mtazame tu, ni nyumba ngapi anaweza kuingia mwenyewe, kwa miguu, akapewa chai.

Babu yako