Bundi Kapata Mfadhili

Kilifi, Alhamisi, Agosti 1984

Pesa zimekubaliwa, basi. Muda wote huu nimewabembeleza wafadhili wa Ulaya wamlinde bundi mdogo wa msitu wa Sokoke kabla hajatoweka, na leo kijana wao mmoja alikuja kuwatangazia wanakijiji wa ukingoni mwa msitu. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Usiku huu ningekuwa nacheka peke yangu, kama si yaliyotokea pale mkutanoni.

Nilipomaliza kufasiri hotuba yake, Mama Kadzo alisimama. Alimzika bintiye mwezi uliopita, baada ya homa, na kijiji kizima kinajua kwamba bundi alilia juu ya paa lao kabla ya msiba. Mimi siamini kwamba ndege huua. Lakini si mimi niliyembeba mtoto mgongoni, nikatafuta gari la kwenda hospitali nikalikosa.

Hakupaza sauti. Alisema, "Kadzo wangu hakupata mfadhili. Bundi kapata."

Watu wakainamisha vichwa. Yule kijana, ambaye Kiswahili chake ni cha maneno machache, alilishika neno mfadhili tu. Akadhani anashukuriwa. Akatabasamu, akaushika mkono wa Mama Kadzo kwa mikono miwili, akasema, "Asante sana, mama."

Nilifungua kinywa nifasiri. Nikaufikiria ule msitu, nikakifunga.

Mama Kadzo alinitazama mimi kwanza, akangoja. Kisha, kwa kuwa mgeni haachwi bila jibu, akamwambia taratibu, "Karibu, mwanangu."