Binti wa Soazara

Jumatatu, 3 Machi 1986. Mahajanga

Asubuhi bandarini. Kamba wanaoza kwa kukosa barafu. Habari imetumwa gazetini kabla ya adhuhuri. Kisha mtaa wa Tsaramandroso, kwa Mama. Hali ileile: upande wa kulia umepooza, hawezi kusema, akili nzima. Mkono wa kushoto bado unavuta tasbihi.

Fundi, mwalimu wa madrasa, alikuja kumsomea dua. Akatuita uani, mimi na dada yangu Zainaba. Kaburini maiti huitwa kwa jina lake na la mama yake, akasema. Basi huyu ni Echati binti nani? Tukajibu pamoja: binti Mariama. Dirisha lilikuwa wazi. Mama akaanza kugonga ukuta. Tulipoingia alikuwa anatikisa kichwa. Zainaba akarudia: Mariama? Akatikisa tena, kwa hasira.

Mariama wa Nosy Be ndiye bibi pekee tuliyemjua.

Jumanne, 4 Machi

Wanawake wanaingia na kutoka. Wengine Mama aliwafundisha Kurani. Wengine aliwaoshea mama zao walipokufa. Mwaka ule wa vurugu, Wakomoro wenzetu waliposhambuliwa na kuondoka kwa ndege na meli, yeye alikataa. Akabaki kuosha maiti za wanawake waliokosa mtu. Nimewauliza wote. Hawajui. Kwao ni Bweni, mama wa heshima, basi.

Leo hajala. Tukizungumza anatutazama midomo. Nimekata tiketi ya ndege ya Nosy Be, kisiwa alikokulia. Naogopa.

Jumatano, 5 Machi. Nosy Be

Dady Fatima, yaani Bibi Fatima, alilelewa nyumba moja na Mama. Anakaa nyuma ya soko, haoni vizuri, ulimi mkali.

"Ee, mwandishi! Ya serikali yote unayajua, ya nyumbani kwako unakuja kuniuliza mimi!"

Kwanza akanilisha wali mpaka nikaumaliza.

Mama yake Mama aliitwa Soazara. Msakalava, mchuma langilangi, maua ya manukato, kwenye shamba la Wafaransa. Hakuwa Mwislamu. Homa ilimwua Soazara, mtoto akiwa bado ananyonya. Mariama, jirani, akamchukua. Mama alijua tangu usichana. Alikatazwa kulitaja jina lile nyumbani, na alipokuwa na nyumba yake mwenyewe akaendelea kunyamaza. Safari zake za kila mwaka huku hazikuwa za kumzuru Mariama. Alikuja kufyeka kaburi la Soazara.

"Kumbe ndiyo maana hakupanda meli mwaka ule?"

"Angemwachia nani?"

Nilidhani alibaki kwa ajili yetu.

Nimepeleka telegramu kwa Zainaba: MAMA YAKE SOAZARA. MSOMEE.

Alhamisi, 6 Machi. Antsahampano

Ndege ya kurudi haina mafuta. Boti mpaka huku bara. Kuanzia hapa ni lori. Mvua.

Jumamosi, 8 Machi. Njiani

Lori limekwama kwenye matope. Dereva anasema kesho. Jana alisema leo. Hakuna simu.

Jumatatu, 10 Machi. Mahajanga

Mama alikufa Ijumaa alfajiri. Akazikwa baada ya sala ya Ijumaa. Sikuwepo.

Zainaba alinieleza akiwa amesimama. Telegramu ilifika Alhamisi jioni. Akamsomea Mama sikioni. Mama akamshika mkono. Zainaba akinyamaza, anafinywa. Anarudia. Soazara, Soazara, mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya maziko Fundi alilikataa jina hilo. Si la Kiislamu, halitamkwi juu ya kaburi. Ataita binti Hawa, kama inavyofanywa mama wa maiti asipojulikana.

"Anajulikana," Zainaba akamwambia.

Jeneza lilikuwa ndani, wanaume uani. Zainaba akasimama mlangoni, mikono kwenye miimo.

"Mwanangu, tupishe. Maiti hacheleweshwi."

"Na mama yako alioshwa na nani, Fundi?"

Mwishowe Fundi akasema haya, atalitaja. Zainaba akapisha.

Wanawake hawaendi kaburini. Zainaba hajui kama alilitaja. Kumwuliza Fundi hataki. Anasema maswali ni kazi yangu.

Nimechoka. Nina hasira na lori, na mvua, na mimi mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Nimewauliza waliokuwepo kaburini. Mmoja alisikia Hawa. Wa pili anaapa ni jina la Kimalagasi. Wa tatu alikuwa ameshika mwavuli, alichosikia ni mvua.

Nikaenda kwa Fundi. Hakukasirika. Aliniwekea mkeka.

Maiti huitwa mara tatu, akasema. Mara mbili aliita binti Hawa. Mara ya tatu akaita binti Soazara, kwa sauti ya chini.

"Kwa nini chini?"

"Niliahidi kulisema. Sikuahidi kupiga kelele."

Kisha akasema Mama ndiye aliyemwosha mama yake yeye Fundi, na siku ile aliwakataza watu kuchungulia. Nilimshukuru. Nilitaka mara tatu.

Jumatano, 12 Machi

Zainaba anafua mashuka ya Mama. Nikashika upande mmoja, tukakamua.

Akauliza bila kunitazama. "Alisema?"

"Alisema."

Hakuuliza mara ngapi. Tukaanika.