Mama Hatafuni Mkwe Akisikia

Nyamache. Jumapili, mwezi wa nne, 1974.

Mvua imeanza mapema na mahindi niliyoanika yamerudi ndani hayajakauka. Sina raha. Niko jikoni na Mama. Amelala ubavu karibu na moto, kitambaa cha hospitali kimemfunga kutoka kidevuni hadi utosini. Ninaandika kwa sababu nikikaa bure nitalia, na yeye hapendi kuona watu wakilia.

Taya lake lilivunjika Alhamisi.

Hakuanguka. Hakupigwa na mtu. Aliuma ndizi ya kuchemsha, tena iliyoiva vizuri, nikasikia kitu kama kijiti kinakatika. Akanitazama, mdomo umekaa upande, hata hakulia.

Mama alikuja kwangu mwaka jana baada ya nyumba yake kule Magwagwa kuanguka na mvua. Ndugu yangu, mwanawe wa kiume wa pekee, yuko Kericho kwenye majani chai na kila akija anaahidi kujenga. Basi Mama akaishia kwa binti, jambo ambalo kwetu si la kawaida, kwa sababu mama mkwe na mkwe wanaoneana haya. Chinsoni, ndivyo tunavyoiita haya hiyo. Mama haketi mahali Baba Moraa, mume wangu, ameketi. Hapiti mbele yake. Na kula akisikiwa naye, afadhali afe.

Jiko langu limeshikana na nyumba kubwa, katikati ni ukuta wa udongo tu. Ukitafuna kitu kigumu huku, aliye kule anasikia. Kwa hiyo Mama aliamua kunywa uji. Uji asubuhi, uji mchana, na jioni viazi vitamu nilivyompondea mpaka vikawa kama chakula cha mtoto. Hata hiyo ndizi ya Alhamisi alithubutu kuiuma kwa sababu mwenye nyumba alikuwa sokoni. Na huyu ni mwanamke aliyekuwa akimenya muwa kwa meno yake mwenyewe, tena akitucheka sisi tuliotafuta kisu. Akina mama wa kanisani walimsifu kwa adabu yake. Mimi pia nilimsifu.

Nilimhurumia kunywa peke yake, nikawa ninakunywa naye.

Hospitalini mjini Kisii tulimpata daktari wa meno, kijana wa kutoka pwani, asiyejua Ekegusii hata neno. Nikawa mkalimani. Aliinua picha ya mifupa ya taya dirishani, akaitazama kwenye mwanga. Akauliza Mama anakula nini. Nikamwambia. Kisha akauliza, wazi wazi kabisa, "Na siku zake za mwezi zilikoma lini?"

Baba Moraa alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Ndiye aliyetuletea gari. Yeye Kiswahili anakijua vizuri, na alitoka pale kama mtu aliyemwagikiwa maji moto. Mama akanivuta nguo, kwa ishara akiuliza mwanamume amekimbia nini. Nilipomtafsiria alijifunika leso uso mzima. Ilibidi nimbembeleze sana mpaka akanionyesha kwa mkono kwamba zilikoma binti yangu Moraa akiwa mdogo hivi.

Daktari hakuwa mkali. Alisema mwanamke ana homoni mwilini zinazolinda mifupa yake, na siku zikikoma homoni hizo hupungua, mifupa ikaanza kuliwa ndani kwa ndani. Taya nalo hupata nguvu kwa kufanya kazi. Likitafuna, mfupa hujijenga. Likikaa bure, mwili huona hauna haja nalo. "Mama yako amepata yote mawili," akasema. Upande wa pili nao ni mwembamba vile vile. Ule uliovunjika ukishapona, aanze kutafuna, kidogo kidogo, kila siku. Asipofanya hivyo, utafuata huo mwingine, na kwa umri wa Mama, yeye daktari hana hakika kama utaunga.

Kisha akanigeukia. "Na wewe dada, bado unaona siku zako?"

Nikasema bado.

Ni uongo. Mwaka mzima sijaona kitu, na nina miaka arobaini na miwili tu. Sijamwambia hata Baba Moraa. Na kuna jino langu la kulia, nikilisukuma kwa ulimi linacheza. Naogopa. Sijui kwa nini nilimdanganya yule kijana, labda kwa sababu nilijua angesema nini.

Jana Baba Moraa alikuja akasimama nje ya jikoni, mvua ikimnyeshea, akasema kupitia ukutani, "Mwambie Mama hapa ni kwake. Akipona atafune anavyotaka. Mimi huwa sisikii kitu."

Alipoondoka, Mama akaniambia bila kufungua meno, "Mtu ambaye hasikii hawezi kusema hasikii."

Akasema kitambaa kikitolewa atarudi Magwagwa, alale chini ya bati lolote lililobaki, ale anachotaka. Nikimkataza, basi nimpe uji. Alisema hivyo kwa utulivu tu, kama anayepanga kwenda sokoni. Kule hakuna hata mtu wa kumchotea maji. Nikimwacha aende atakufa na baridi, nikimweka hapa taya litamwishia mdomoni.

Leo mchana, Baba Moraa akiwa kwa jirani, nilikaanga mahindi makavu ya msimu uliopita. Nikaketi karibu na Mama nikaanza kutafuna, tena upande wa kulia, upande ninaouogopa. Nilitaka aizoee ile sauti. Jikoni kulijaa krr, krr. Mama alifumba macho. Halafu nikaona chini ya kitambaa kidevu chake kinasogea kidogo, kinafuata changu. Nilifurahi jamani, mpaka machozi yakanilenga.

Ndipo tukasikia kikohozi uani.

Mama alinyoosha mkono akanifunika mdomo. Alinibana kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, mpaka lile jino likaniuma. Nilitaka kumwambia ni mume wangu, nimekula mbele yake miaka yote hii. Lakini macho yake yalikuwa yameniambia tayari. Aliye upande wa pili wa ukuta hawezi kujua ni mdomo wa nani.

Tukakaa hivyo, kiganja chake mdomoni mwangu, tukimsikiliza anavua viatu, anavuta kiti, anaketi. Hakuinuka tena. Mahindi yakalainika yenyewe kinywani, nikayameza mazima mazima.

Kisha nikateleka sufuria, nikakoroga uji wa watu wawili.